Nani Alinisikia

Kila Jumanne asubuhi, kabla maktaba haijafunguliwa, mkutubi alikaa kwenye meza ya nyuma na kifutio mkononi, akafuta yote ambayo wasomaji walikuwa wameyaandika vitabuni wiki nzima. Kazi hiyo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, akaifanya miaka kumi na tisa mpaka wenzake wakambandika jina la Bi Kifutio, naye akaitika. Alikuwa amefuta namba za simu, hesabu za watoto wa shule, majina mawili yaliyozungushiwa kopa, na mara moja shairi zima la mtu aliyekuwa akimsema shemeji yake. Ya watu ni ya watu, alizoea kusema, ingawa waliomjua walijua kwamba hapakuwa na mtu aliyependa ya watu kama yeye.

Jumanne moja akafungua riwaya ya zamani inayomhusu mwimbaji aliyemuuzia shetani roho yake ili sauti yake isizeeke. Kwenye ukurasa ambao mwimbaji anatia sahihi, pembeni kabisa, palikuwa na maneno matano kwa penseli, kwa mwandiko mdogo uliolala upande: "Huyu alijua anaongea na nani."

Akayafuta. Kisha akabaki amekishika kifutio hewani, maana maneno yale hayakufanana na upuuzi aliouzoea. Mtu aliyeandika hivi alikuwa na jambo lake.

Wiki iliyofuata akakuta mengine, katika riwaya ya hakimu aliyeitoa roho yake ili amtambue kila anayesema uongo mbele yake. Hapo paliandikwa: "Huyu naye aliambiwa jina." Safari hii hakufuta. Akaenda kwenye rafu za hadithi, akaanza kuchambua kitabu kimoja kimoja kama mtu anayechagua mchele, na kabla ya saa sita alikuwa na vitabu saba mbele yake, pamoja na kile cha mwimbaji alichokwisha kukifuta. Vyote vilikuwa na mtu anayepatana na shetani, na vyote vilikuwa na penseli mahali palepale, pale mapatano yanapofungwa. Cha mjane aliyetaka arudishiwe ujana wake kiliandikwa: "Alipewa karatasi, akaisoma." Cha mwashi aliyetaka sifa kiliandikwa: "Walipeana mikono."

Jambo jingine akaliona alipovishika vizuri. Kurasa za mwanzo za kila kitabu zilikuwa na alama hafifu za vidole kwenye pembe. Kuanzia ukurasa wa mapatano kwenda mbele, karatasi zilikuwa safi kama zimetoka kiwandani. Msomaji huyu alifika kwenye sahihi, akaandika neno lake, akafunga kitabu.

Mkutubi aliishi na dada yake mkubwa, mshonaji, ambaye sebule yao aliigeuza karakana. Alipomsimulia, dada mtu hakuinua hata macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akilishona. Alisema huenda ni mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu yake. Mkutubi akakataa, mwanafunzi hata akiwa mvivu vipi atasoma ukurasa wa mwisho. Basi, dada akasema, labda ni shetani mwenyewe anakagua kama wenzake walifuata utaratibu. Wakacheka, lakini mkutubi alilala na swali hilo na kuamka nalo.

Alivisoma vyote saba, kimoja baada ya kingine, saa ya chai na saa ya chakula, hata wenzake wakamuuliza kama anasomea mtihani. Na alipomaliza akafanya kitu ambacho angemfokea mtu mwingine yeyote kwa kukifanya. Alichonga penseli, akafungua riwaya ya mjane, na chini ya maneno yale madogo akaandika yake: "Wewe unatafuta nini?" Akakirudisha kitabu kwenye rafu, akaondoka akinyata kama mwizi wa kuku.

Siku ya nne jibu lilikuwepo: "Nani alinisikia."

Alisimama kati ya rafu akiyasoma maneno hayo mawili mara kwa mara. Akakisogeza kitabu puani. Palikuwa na harufu pale, si ya vumbi wala ya gundi, harufu aliyoijua kabisa na jina lake likamkwepa. Likaja lenyewe siku ya Jumamosi. Dada yake alikuwa ameiinamisha mashine, akidondosha mafuta kwenye vyuma vya chini, na harufu ikajaa sebuleni.

"Mafuta ya cherehani," mkutubi akasema.

"Ulidhani ni marashi?" dada akamjibu.

Vitabu vile havikuwahi kuazimwa, daftari lilimhakikishia hilo. Msomaji alivisomea humohumo ndani. Na katika watu sita waliokuja kila siku saa ya mapumziko ya mchana, mmoja alikuwa mzee aliyetengeneza cherehani mbovu katika kibanda nyuma ya benki. Alikuja saa saba kasoro, akanawa mikono kwenye bomba la nje kwa kipande cha sabuni alichokibeba kwenye karatasi, akakaa mwisho wa meza ndefu. Miaka yote hiyo mkutubi aliamini anafuata feni.

Jumatatu akamwendea. Meza ilikuwa na watu, kwa hiyo alimwomba fundi amfuate kwenye chumba cha magazeti ya zamani, ambako hapakuwa na mtu ila marundo yaliyofungwa kwa kamba. Fundi alifuata, kofia mkononi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuitwa. Alianza kwa kuomba radhi. Alijua kuandika vitabuni ni makosa, na kama kuna adhabu, ataipokea.

"Mzee wangu, adhabu achana nayo," mkutubi alisema. "Hata mimi nimeandika. Nimekuja kuuliza tu."

Fundi akakaa juu ya rundo la magazeti, akaeleza taratibu, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake ambavyo sabuni haikuwahi kuvitakatisha.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, binti yake wa pekee, wa miaka saba, aliugua homa ya uti wa mgongo. Siku ya tatu daktari alimtoa fundi nje na kumwambia ajiandae. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, watu wakipita na vikapu vya chakula cha wagonjwa. Mkewe alikuwa amekwenda nyumbani kuchukua nguo. Yeye akasimama kwenye korido, akaegemeza paji la uso wake ukutani, na akasema kwa sauti kwamba yeyote anayesikia amchukue yeye roho, amwachie mtoto. Jioni homa ilishuka. Baada ya siku tisa mtoto alitembea.

"Nilimshukuru Mungu, usinielewe vibaya," fundi alisema. "Nilimshukuru na ninamshukuru. Lakini siku ile sikumtaja. Nilisema yeyote. Mimi ni mtu wa kazi, dada yangu. Mtu akiniletea mashine lazima nijue ni ya nani, maana siku moja atakuja kuichukua. Sasa mimi niliitoa roho yangu na sijui niliikabidhi kwa nani."

Alipofika umri wa kukosa usingizi, akaendelea, ndipo alipoanza kuja maktaba. Alisikia kwamba kuna vitabu vya watu waliofanya biashara hiyo. Alitaka kujua wao walijuaje. Lakini kila alichokisoma, mwenye kuuza alimwona mnunuzi: kwa mmoja alikuja amevaa suti, kwa mwingine alikuja kama mpangaji, kwa mwingine kama mwanamke mwenye mwavuli. Hakuna hata mmoja aliyeongea na ukuta.

"Na kwa nini huendelei kusoma mpaka mwisho?"

Fundi akaigeuza kofia yake mara mbili. "Mwisho ndipo anapokuja kuchukua."

 Mkutubi akavuta kiti. Akamuuliza kama angependa aambiwe miisho hiyo, maana yeye ameisoma yote. Fundi alifikiri, akatikisa kichwa kukubali, akashika magoti yake kwa mikono miwili kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

Basi akamweleza. Mwimbaji alichukuliwa, jukwaani, mdomo wazi. Hakimu aliponea chupuchupu kwa sababu shetani mwenyewe alidanganya mahakamani naye akamtambua. Mjane alirudisha ujana kwa hiari yake baada ya kuchoshwa nao. Mwashi alisahauliwa tu. Alizeeka akingoja, akafa usingizini, na kitabu hakikueleza kwa nini. Waliobaki watatu walichukuliwa, mmoja akiwa anakula.

"Lakini kuna kitu nimekiona," alisema. "Wote saba walijiombea wenyewe. Sauti, ujana, sifa. Hakuna aliyemwombea mtu mwingine."

Fundi aliilaza kofia yake juu ya goti. Nje gari la takataka lilipita, likaenda zake. Mwishowe alisema kwamba hilo hakuliona, kwa kuwa alikuwa anatafuta karatasi na sahihi. Ni neno zuri, alisema, na ataenda nalo. Ila bado halimwambii nani alimsikia.

"Binti yako anajua?"

Hajui, alijibu. Utaanzaje kumwambia mtoto kwamba uhai wake una swali? Na sasa si mtoto, ni fundi wa lifti, anapanda na kushuka maghorofa ya watu na mkoba wa spana, mwanamke mzima anayempigia baba yake simu kila asubuhi kabla hata hajapiga mswaki. Mkutubi alimwambia, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba kama ametafuta vitabuni miaka yote hii na hajapata, huenda vitabu havina, na labda ajaribu kwa watu. Fundi akasema hana mdomo wa kulisema. Akauliza kama maandishi yake bado yapo. Yapo, mkutubi akajibu, isipokuwa moja.

Jumamosi walikuja wote wawili. Binti alikuwa mrefu kuliko baba, amevaa suruali ya kazi yenye mifuko mingi, na alimwamkia mkutubi kwa heshima huku akimwangalia baba yake kwa wasiwasi. Alikuwa ameambiwa tu kwamba kuna kitu maktaba anatakiwa asome. Mkutubi akawapeleka chumba kilekile, akaweka vitabu sita mezani vimefunguliwa mahali pake. Alijua adabu ilimtaka atoke. Akasimama mlangoni, akajifanya anapanga magazeti.

Binti alisoma penseli za baba yake moja baada ya nyingine. Alipofika kwa mjane, akasoma swali la mkutubi na jibu lake, akakaa chini.

"Mimi," alisema.

Baba hakuelewa.

"Unauliza nani alikusikia. Nilikusikia mimi, baba. Dirisha la wodi lilikuwa wazi, na wewe ulikuwa nyuma ya ukuta wangu."

Fundi akasema haiwezekani. Homa ilikuwa juu, alikuwa hajitambui, hata mama yake alipomwita hakuitika. Binti akasema kuitika hakuweza, lakini kusikia alisikia. Alilisikia kila neno na hakulisahau hata moja. Na alipopona hakuthubutu kulitaja, kwa sababu kwa akili ya miaka saba aliona kwamba likitajwa, yule aliyeahidiwa roho atakumbuka na kuja. Alipokua akajua ni akili ya kitoto, na bado hakulitaja. Kila asubuhi alipiga simu kuhakikisha kwamba baba yupo.

"Nilidhani unanisalimia," fundi alisema.

"Nakusalimia pia."

Mkutubi akaacha kujifanya anapanga magazeti. Fundi alikuwa ametoa leso, lakini hakuitumia. Aliikunja tu na kuikunjua. Kisha ule udadisi wake wa mtu wa vyuma ukamrudia, akataka kujua hasa alisema nini, maana yeye baada ya miaka yote hiyo hakumbuki ila kiini chake.

Binti akafumba macho. "Ulisema: yeyote anayesikia, chukua roho yangu, mwache mtoto. Ukanyamaza. Halafu ukasema: na baiskeli pia, kama roho haitoshi."

"Nilisema baiskeli?"

"Ulisema."

Fundi akainuka kutoka kwenye rundo lake, akakaa, akainuka tena. Baiskeli ile, alisema, iliibwa. Iliibwa pale pale nje ya hospitali, siku ileile homa iliposhuka. Alirudi nyumbani kwa miguu na furaha nyingi kiasi kwamba hakwenda hata kuripoti. Na tangu siku hiyo mpaka leo hakuwahi kuliweka jambo moja karibu na jingine.

Wakatazamana wote watatu. Binti ndiye aliyeanza kutabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Alisema huenda basi ilikubaliwa baiskeli. Baba akasema mwizi ni mwizi tu, dunia imejaa wezi, usianze kunichanganya. Lakini alisema hivyo kwa sauti nyepesi, na akakaa akiwa amenyoosha miguu yake mbele, jambo ambalo mkutubi hakuwahi kumwona akilifanya.

Mkutubi alijaribu kujizuia. Akashindwa.

"Samahani," aliuliza kutoka mlangoni, "ilikuwa baiskeli ya namna gani?"

Fundi akamgeukia. Ilikuwa ya kijani, alisema, yenye taa ya dinamo na kengele aliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye gurudumu la cherehani. Akaanza kueleza jinsi kengele ile ilivyolia, tofauti na kengele nyingine zote za mtaa, na akawa anaeleza kwa mikono yote miwili, sauti ikipanda, mpaka wasomaji wa meza ndefu wakainua vichwa na mmoja wao akauelekezea kidole ubao wa ukutani ulioandikwa KIMYA. Mkutubi alimwona. Akavuta kiti chake karibu zaidi na mzee, akamwambia aendelee.