Gari la Mnada

Modeli ilikuwa sahihi. Witness alilijua hilo kabla kikao cha kamati ya afya hakijaanza, na ndilo lililomuuma.

Kipindupindu kilipoingia Karatu, yeye ndiye aliyekaa na kompyuta kuunda modeli ya kukokotoa ugonjwa ungepita wapi. Jibu lilikuwa kwenye minada ya mifugo, ambako wafugaji na wakulima hula, hunywa na kujisaidia mahali pamoja. Akashauri minada ifungwe. Ikafungwa, na wagonjwa wakapungua kama alivyotabiri. Dada yake Nailantei alimpigia kutoka kwao Kakesio kumtania: amesomeshwa kwa ng'ombe wa baba, leo anawakatalia ng'ombe hao hao kwenda sokoni.

Kisha Nailantei akashikwa na uchungu, mtoto akakwama. Gari pekee lililokuwa likifika Kakesio lilikuwa la Lazaro, na Lazaro alikwenda siku ya mnada tu, kuchukua mbuzi na abiria. Wanaume wakambeba Nailantei kwa machela kuelekea hospitali ya Endulen. Hakufika. Mtoto naye hakufika.

Witness mwenyewe alikwenda shule na gari hilo, kila muhula, miguu juu ya mbuzi. Hakuliweka kwenye hesabu kwa sababu halikueneza ugonjwa.

Sasa kikao kilitaka kujua kama minada ifunguliwe. Mwenyekiti, Daktari Emmanueli, alimwambia kwa upole kwamba mwingine angeweza kusoma taarifa. Akakataa. Asubuhi ile shemeji yake Supeet, mume wa Nailantei, alikuwa amempigia. Hakulaumu. Aliuliza tu mnada utafunguliwa lini, maana mke wa mdogo wake naye mimba imekomaa.

"Tukifungua sasa, ugonjwa utarudi," Witness alisema. "Minada iendelee kufungwa."

Hakuna aliyemtazama.

"Lakini tupeleke gari Kakesio kila siku ya mnada, hata kama hakuna mbuzi wa kubeba. Na kote ambako magari yalifuata mnada."

Daktari akauliza hilo limetoka wapi kwenye modeli.

"Halimo," akajibu.

Wakakubali yote mawili. Alitoka nje akampigia Supeet, akamweleza kuwa mnada bado, ila gari litakuja.

Supeet akashukuru.

"Siku ile nilimwambia dada yako, hakuna mnada, hakuna gari, tuanze kutembea," akasema. "Akakataa, shemeji. Akasema tusubiri kidogo. Akasema Witness hawezi kufunga mnada akasahau gari."