Risasi Zilizokuja Kukaa Matanga

Usiku wa kuamkia leo nimeota risasi zimekuja kukaa matanga sebuleni kwangu.

Nieleze kwanza. Mume wangu, Kandidus Haule, alikuwa askari wa wanyamapori, na alipostaafu alibaki na bunduki moja yenye kibali, ya kufukuzia nguruwe pori kwenye mashamba ya kijiji. Risasi alikuwa akizimimina mwenyewe, kwa madini yaliyoyeyushwa, nyuma ya jiko, na mimi kazi yangu ilikuwa kuzivisha. Risasi ya kumimina inataka kikombe kidogo cha shaba kitakoni, ili moto wa baruti usiilambe ikaanza kuyeyuka ikiwa bado ndani ya mtutu. Yeye anamimina, mimi navisha kwa dole gumba. Sehemu kubwa ya ndoa yetu ilipita hapo.

Alifariki masika. Polisi wameniambia niipeleke bunduki kituoni kwa kuwa mwenye kibali hayupo, nami kila wiki nasema wiki ijayo. Nimechoka. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hivyo.

Sasa ndoto. Natoka chumbani, nazikuta risasi zimejaa sebuleni, za kimo cha watu, za kijivu, zimesimama kimya kama waombolezaji wanaosubiri chakula.

“Karibuni mkae,” nasema.

“Hatuwezi, Mama Truda,” inajibu moja nene iliyo karibu na mlango. “Hatuna vitako.”

Naziangalia kwa chini. Ni kweli.

“Sasa mtakaaje matanga mkiwa wima?”

“Ndilo lililotuleta. Matanga yasiyokaliwa hayawezi kuanuliwa. Baba Truda amesimama huko njiani anatusubiri tumalize.”

“Tangu masika?”

“Tangu masika. Miguu inamuuma.”

Nauliza vikombe vinapatikana wapi, maana vyetu vilikwisha zamani. Zinatazamana. Aliyekuwa anajua ni marehemu.

Najifunga khanga, nabeba risasi moja ndogo ya kupimia, ya ukubwa wa mtoto mchanga, naiweka mgongoni, natoka. Ni nzito. Haisemi chochote njia nzima, ila inakoroma.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi muuzaji ni kipimo cha chuma, kile cha mafundi chenye meno mawili. Kimevaa miwani.

“Saizi?”

“Ya mume wangu.”

“Alikuwa mnene kiasi gani?”

“Si yeye. Bunduki yake.”

“Ungesema.” Kinaibana risasi kiunoni, kinaguna. “Nina vyepesi hivi, vinakatwa kwenye makopo ya soda.”

Kinafungua boksi. Vikombe vilivyomo vinacheka. Navisha kimoja, kinaingia bila hata kusukumwa. Risasi inapiga hatua mbili, kikombe kinabaki sakafuni, bado kinacheka.

“Kimelegea,” kinasema kipimo. “Kikombe kizuri kinagoma kidogo, halafu kinakubali. Hivi vingine vya shaba ya njano vinagoma tu.”

“Na vya shaba nyekundu?”

“Vipo, lakini vimelazwa.”

“Wapi?”

“Hapa.”

Nageuka, duka limekuwa zahanati. Vikombe vya shaba nyekundu vimelala vitandani, kila kimoja kimefunikwa shuka hadi shingoni. Muuguzi ni upawa wa kumiminia risasi, una tone la kijivu mdomoni ambalo haliishi kudondoka.

“Shaba ikigongwagongwa sana inakuwa ngumu,” unaniambia. “Tunaipasha moto mpaka iwe nyekundu, kisha tunaiacha. Hapo ndipo inalainika, inaweza kushika.” Unanitazama. “Na wewe?”

“Mimi nimekuja kuvichukua tu.”

“Ulilia lini?”

“Kulikuwa na wageni,” nasema. “Ilibidi mtu asonge ugali.”

“Panda kitandani.”

Napanda. Nalazwa katikati ya vikombe viwili. Chini ya kitanda panawashwa moto. Hauunguzi, unapanda taratibu mgongoni kama joto la ukuta wa jikoni.

“Mara yako ya kwanza?” kinauliza kikombe cha kushoto.

“Ndiyo.”

“Usijikaze. Ukijikaza wanarudia.”

Basi nalia. Nalia vibaya, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kamasi na yote, na hakuna anayenibembeleza wala kuniambia nijipe moyo. Upawa umenishika mguu tu. Ninapomaliza unasema, “Poa kwanza kabla hujateremka.” Napoa. Kisha wananifungia vikombe kwenye pindo la khanga, bado vina joto.

Nafika nyumbani, nyumba imekuwa shamba la mahindi. Risasi zimepangana kwenye mistari. Nguruwe pori wanakula bila haraka. Mmoja ananipa pole ya msiba huku mdomo umejaa, namshukuru.

Naanza kuvisha. Naweka kikombe, nasukuma kwa dole gumba, kinagoma, kinakubali. Risasi inashusha pumzi, inakaa. Naenda kwa inayofuata. Mgongo unaniuma, lakini ni maumivu ninayoyajua, ya kazi. Ya mwisho inakaa, shamba zima linakuwa kimya.

Kandidus anatokea mwisho wa mstari, amevaa sare yake ya kazini iliyopauka. Anakaa chini karibu yangu na kuguna, kama alivyokuwa akiguna kila akikaa.

“Umechelewa,” anasema.

“Nilikuwa na wageni.”

“Najua.” Ananyoosha miguu. “Bunduki ipeleke, Mama Truda. Nilikuwa naona haya, mtutu ulishaanza kushika kutu. Sasa nimeusafisha.”

“Na hawa nguruwe?”

Anawaangalia. “Hata nilipokuwepo walikula.”

Nguruwe wanaitikia kwa vichwa.

“Huendi peke yako,” anasema. “Mwambie Desideri.” Halafu anageukia mistari. “Haya jamani, tuanue.”

Risasi zote zinasimama kwa pamoja, zinajikung’uta vumbi vitakoni, zinaanza kuaga moja moja. Mikono yao ni ya vuguvugu. Namtafuta Kandidus, naona majani ya mahindi tu yakitikisika kuelekea barabarani.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na mto wangu ulikuwa umelowa. Nje niliisikia sauti ya shemeji yangu Desideri, mdogo wake marehemu, akizungumza na kuku. Alikuja kurekebisha banda lao.

“Shemeji,” nikamwita, “nisindikize kituoni. Leo naipeleka.”

Alinawa mikono, akanisaidia kuvuta sanduku la chuma kutoka uvunguni. Lilikuwa na vumbi zito juu, halijaguswa tangu mazishi. Nilifungua kufuli mwenyewe.

Desideri aliinua bunduki, akapitisha kidole mdomoni mwa mtutu, akakileta kwenye mwanga. Kilikuwa kinang’aa kwa mafuta.

“Mafuta uliyapata wapi? Kaka aliniambia yamekwisha, nami sikuwahi kumletea mengine.”

“Sikupaka mimi.”

Alinitazama, kisha akatazama lile vumbi la kwenye kifuniko, lenye alama za vidole vyetu sisi wawili tu. Akakinusa kidole.

“Ni mabichi,” akasema.

Akaifunga bunduki kwenye blanketi, nikafunga mlango, tukaondoka.