Dakika Arobaini za Hewani

Kwa barabara ni kutwa nzima ya mavumbi. Kwa ndege, toka kiwanja kimoja kidogo hadi kingine, ni dakika arobaini. Ndiyo maana fundi cherehani, alipoambiwa mama yake yu taabani, alikata tiketi ya ndege kwa mara ya kwanza maishani. Dada yake alipopiga simu, akamjibu kama tunavyojibu sote hata tukiwa bado tunatafuta viatu: "Nishaondoka!"

Kumbe alikuwa kwenye benchi la abiria, na ndege yenyewe haijafika kuwachukua.

Simu ikalia tena. "Kaka, mbona hutokei? Mama kasikia dakika arobaini, kagoma kulala. Tumemkalisha anatazama mlango, na pumzi zinamkatika. Uko wapi?"

Uongo wa pili ulimfika ncha ya ulimi. Akaumeza.

"Mpe simu," akasema. "Mama, sijaruka. Bado niko chini huku, nimekaa kama mzigo uliosahauliwa. Lala kwanza, mama yangu."

Kisha sauti nyembamba ya mama: "Muongo wewe! Hata tumboni ulitangaza safari, mkunga akaja, akachoka, akaenda zake." Akakohoa. "Basi, nilazeni. Na wewe, nikikutangulia, usikimbie tena, mwanangu. Njoo polepole."

Fundi akabaki na simu sikioni, akisikiliza kitanda kikilia huku wakimlaza.