Mashine Ilipoacha Kukojoa

Boti letu lilikuwa limeshaacha ukingo wa mto, na Judy amekataa kuangalia nyuma, Nehemiah aliposhuka mbio hadi kwenye matope akitupungia kofia. Nehemiah alikuwa shemeji yake Judy, mdogo wa marehemu mumewe.

"Rudini bana! Mazishi ni leo! Mjane anakaa nyumbani!"

"Mazishi ya mgomba," Judy akasema, lakini aliliambia boti, si yeye.

Ilikuwa mwisho wa mwaka wa 2006, mvua ile iliyobeba madaraja. Festus, mume wa Judy, mtu wa karibu na Lugulu, aliingia mto Nzoia akivusha ng'ombe wa kuuza Chwele. Ng'ombe walitoka. Yeye hakutoka. Kwao mtu asipopatikana hukatwa mgomba, ukavishwa nguo yake, ukatiwa kwenye sanduku na kuzikwa ili atulie. Wazee walikuwa wamengoja mpaka wakachoka. Asubuhi hiyo walimwomba Judy shati, akatoa la buluu ambalo kola yake aliishona mwenyewe kwa uzi wa manjano, kwa sababu wa buluu ulimwishia. Akaliona likivishwa kimgomba chembamba, kitu cha kubebwa kwapani na mtu mmoja. Akaona sanduku likipigwa misumari. Ndipo akatushukia mtoni. Alitaka kitu kimoja tu: mume wake mwenyewe alale kwenye shamba lake, kabla udongo haujafunika mgomba.

Boti na mashine yake vilikuwa vya Muigai, mfanyabiashara wa Kitale, aliyeinunua kuukuu huko ziwani ili avushe mahindi wakati daraja halipo. Mimi nilikuwa napita tu. Nimeshika kazi nyingi na hakuna iliyonishika, lakini niliwahi kutengeneza mashine za boti Port Victoria, na Muigai alipolisikia hilo hakuniacha.

"Guka, inachemka," alikuwa ameniambia, akiniita babu kwa Kikuyu chake. "Nikishuka na mto iko sawa. Nikipanda mpaka kwa ile kona, inachemka."

Mashine ya boti hupozwa na maji yale yale inayoelea juu yake. Huyanyonya huko chini karibu na panga linalosukuma boti, huyazungusha mwilini, kisha huyakojoa nje kwa kitundu cha nyuma. Ikiacha kukojoa, zima, la sivyo umeiua. Niliitia kwenye pipa la maji nyumbani kwa Muigai, ikakojoa vizuri mchana mzima. Nikabadilisha raba ya pampu hata hivyo. Nikatoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji mpaka mashine ipate moto. Nikapitisha spoku ya baiskeli kwenye kitundu. Hakukuwa na kitu.

Sasa tulikuwa tunapanda, na ilikuwa inakojoa vizuri tu. Tukafika kwenye kona, pale Festus alipozama. Hapo maji huzunguka polepole kama uji unaokorogwa. Mkojo ukawa mwembamba, ukawa matone, ukakauka. Nikatema mate juu ya kichwa cha mashine. Yakachachatika. Nikazima.

"Si uimwagie maji," Muigai akasema. "Kama ile ya kusaga unga."

"Ya baridi itaipasua. Shika kasia."

"Msiniambie turudi," Judy akasema.

Muigai akapiga kasia, akapiga tena, akaniangalia.

"Guka, hatuendi popote."

"Kwani umetia nanga?"

"Nanga ya wapi? Mimi ni mtu wa mahindi."

Mto ulikuwa unakimbia pande zote, magogo yanatupita, na sisi tumesimama kana kwamba tuko uwanjani. Sikusikia ndege. Sikusikia hata maji. Nikainamisha mashine mbele mpaka mguu wake ukatoka nje, nikaona chujio la kunyonyea limezibwa lote. Nikachokoa kwa kisu. Zikatoka nyuzi nyeupe zenye utomvu. Za mgomba, mbichi, za kukatwa siku hiyo. Nikavuta zaidi, kikatoka kitambaa.

Judy akakichukua mkononi mwangu, akakikamua. Ilikuwa kola ya buluu, yenye uzi wa manjano.

"Hii nimeiacha kwenye sanduku," akasema. "Nimeona wakipiga misumari."

"Lakini si mashati ya buluu ni mengi..." Muigai akaanza, halafu akauona ule uzi, akalaza kasia miguuni.

Simu ya Judy ikalia. Sauti ya Nehemiah ilikuwa kubwa, sote tukaisikia.

"Shemeji, mko wapi? Mchungaji ameshaomba, tumeinua sanduku tupeleke kwa kaburi. Tumeshindwa."

"Mmeshindwa aje?"

"Imekuwa nzito. Mimi mwenyewe niliibeba asubuhi! Na inatoa maji."

"Mgomba una maji," Muigai akasema kwa sauti ya chini.

"Maji gani?" Judy akauliza.

"Ya matope, shemeji. Yananuka mto. Wazee wanauliza kama tufungue."

Judy akaikunjua ile kola juu ya goti. Sikumwona akilia.

"Msifungue. Ongezeni watu wa kubeba. Na mningojee, nakuja."

"Sasa unakuja kuzika mgomba?"

"Nakuja kuzika mume wangu."

Akainama, akairudisha kola majini taratibu, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Haikuelea. Boti likatikisika, likaanza kuchukuliwa na mkondo. Nikavuta kamba mara moja, mashine ikawaka, ikakojoa mbali. Nikakinga mkono. Maji yalikuwa baridi.

Sanduku halikufunguliwa. Liko shambani karibu na Lugulu, na juu yake pameota nyasi. Judy analima hapo hapo, hajaolewa tena na hakurudi mtoni. Nehemiah amekuwa mzee wa kanisa, na ukimtajia siku hiyo anakuuliza bei ya mahindi. Daraja lilijengwa. Muigai akauza mashine kwa mvuvi wa ziwani, na nilipopita huko nikauliza: haijawahi kuchemka. Muigai yuko Kitale, anauza mahindi. Mimi niliondoka wiki ile ile kwenda Myanga, nikafanya kazi ya kuchoma matofali, kisha nikaondoka huko pia. Ng'ombe waliuzwa Chwele.