Kompyuta ya Saa Tano na Nusu

Mume wangu, Revocatus, alizikwa Mugeta siku ya Alhamisi. Asubuhi hiyo nilikuwa dukani kwangu Musoma, ninapochapa na kutoa nakala, nikichapa wasifu wake. Wazee wa ukoo waliona kwamba hiyo si kazi ya mjane. Niliwajibu kwamba kila wiki nachapa wasifu wa marehemu wa watu wengine, na huu ningeuchapa mwenyewe.

Enos, mdogo wake, alisubiri mlangoni na gari la kuazima.

"Shemeji, saa sita kasoro robo tunaondoka. Padri hasubirigi mtu."

"Nimebakiza aya moja."

Niliandika bila kulia. Alizaliwa Mugeta. Alifanya kazi mgodini Buhemba kwa miaka sita. Tarehe nilizinakili kutoka kwenye vyeti, kama ninavyofanya kwa wateja.

Jambo moja halikuwamo katika vyeti. Mwaka jana Revocatus alichoka kunisubiri kwa chakula cha jioni. Alikuja dukani, akaipangia kompyuta muda wa kujizima kila siku. Aliandika 11:30, akimaanisha saa kumi na moja na nusu jioni. Kesho yake ilijizima saa tano na nusu asubuhi, mteja akiwa mbele yangu.

Enos alimcheka wiki nzima. "Kaka, mashine inaanza kuhesabu saa sita usiku. Haikungojei wewe uamke!"

"Basi na yenyewe ijifunze," alijibu Revocatus.

Aliahidi kurekebisha. Hakurekebisha, nami sikumkumbusha. Kila siku ilipotokea taarifa kwamba kompyuta itajizima baada ya dakika moja, nilihifadhi kazi, nikainuka, nikachemsha chai. Ikawa mazoea.

Alhamisi hiyo taarifa ilitokea. Niliinuka. Nilijaza maji kwenye birika, nikasimama kuyatazama mpaka yakachemka. Niliporudi na kikombe, kioo kilikuwa cheusi. Sikuwa nimehifadhi hata mstari mmoja.

Enos alichungulia. "Imekuwaje?"

"Imejizima."

"Ile ya kaka?"

"Ile ya kaka yako."

Alicheka kidogo, kisha akaacha ghafla. Mimi sikuhisi chochote. Niliutazama mvuke wa chai.

"Muda umekwisha, shemeji. Chukua karatasi."

Niliandika upya garini, daftari likiwa gotini. Tulipopita Butiama nilikuwa nimemaliza utoto wake. Tulipofika Bunda nilikuwa nimemaliza yote.

Kaburini Enos alisoma kwa sauti kubwa. Mwandiko wangu ulikuwa umetikiswa na barabara, akakwama.

"Alifanya kazi Buhemba kwa miaka... sita, au ni tisa?"

"Sita," nilisema kutoka nilipokaa.

Watu wote waligeuka kunitazama. Hilo ndilo neno pekee nililolisema katika maziko ya mume wangu.

Baada ya wiki mbili nilifungua duka. Kabla ya kazi yoyote, nilifungua mpangilio wa kompyuta, nikafuta 11:30, nikaandika 17:30. Saa tano na nusu asubuhi haikujizima. Niliendelea kuchapa, na sikunywa chai.

Jioni taarifa ilitokea. Nilihifadhi kazi. Kioo kikawa cheusi. Nilifunga duka, nikafika nyumbani jua halijazama, kama alivyotaka.