Mapazia ya Sebuleni

Kijijini kwetu, nyuma ya vilima vya mchanga, mapazia hayafungwi mchana. Mpita njia aone kwamba huna la kuficha. Naye, kwa adabu, hachungulii. Ndivyo tulivyolelewa, na adabu hiyo ilaaniwe.

Agosti ile nilimkabidhi mpangaji wangu, Wessel wa mji wa Utrecht, na mkewe Fenna ufunguo wa nyumba yangu, mimi nikahamia kibanda cha uani kama kila kiangazi. Walikuja kupunga upepo wa bahari. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mapazia ya sebuleni yakafungwa. Nikasikia kishindo, kiti kikavunjika, kisha Fenna akaanza kuomba. Nikajiambia, ya mke na mume hayaingiliwi, Neeltje, menya viazi vyako. Nikamenya viazi vitatu. Vitatu, Mungu anisamehe.

Aliponyamaza ndipo nilipozunguka upande wa barabarani, nikavua kiatu changu cha mti, nikavunja kioo cha dirisha na kuyang'oa mapazia pamoja na ufito wake. Wessel alikuwa amemkalia mkewe kifuani, mkanda kauzungusha kiganjani, bizimu inamshukia usoni. Nikajitupa ndani juu ya vigae vya kioo. Alinipiga ngumi moja tu, meno mawili yakanitoka.

Ng'ambo ya barabara, jirani yangu Gerbrand, mkausha samaki, pande la mtu, alikuwa amesimama mlangoni pake. Dirisha liko wazi, damu iko ukutani. Akageuza uso upande wa kanisa.

"Gerbrand, tazama huku, mshenzi we! Anamuua!"

Hapo ndipo alipokuja, na chuma cha kutundikia samaki mkononi. Alimvunja Wessel mkono, akamvunja na goti, na alipoendelea kupiga mtu ambaye ameshalala chini, mimi sikumzuia.

Fenna alipona, ila jicho la kushoto lilikwenda. Wiki iliyofuata tulikwenda hospitali kumjulia hali. Gerbrand alimpelekea samaki wa moshi, akasimama kando ya kitanda akipindapinda kofia yake. Akakiri kwamba alisikia tangu mwanzo, lakini hakutaka kuonekana mtu wa kuchungulia nyumba za watu.

Fenna akamuuliza, taratibu kabisa, "Na macho yako yote mawili unayo, kaka?"

Gerbrand akaniangalia mimi. Nikavikumbuka viazi vyangu, nikainamisha kichwa.