Hamali Wasio na Uzito

Jumatatu asubuhi Sitara alimfunga mumewe kwenye mguu wa kitanda kwa kamba ya katani, akachukua kikapu, akaenda sokoni kununua bamia. Aliporudi, fundo lilikuwa limelegea kidogo na Bushiri alikuwa amepanda hadi kwenye boriti, mgongo umegusa paa la madebe, akinywa chai kwa uangalifu isimwagike. Bibi Mgeni, mwenye nyumba, alikuwa amesimama chini yake akimwonyesha matundu.

"Madhali uko huko, mwanangu, nizibie na hilo la kona. Mvua za vuli hizi hapa."

Bushiri akaziba kwa lami, kisha akaomba mkate.

Hali hiyo ilikuwa na wiki mbili. Mzungu mmoja, ambaye hamali walimwita Bwana Kofia kwa kuwa hakuivua hata ndani ya nyumba, alifika Dar es Salaam mwaka ule wa hamsini na nne kutengeneza sinema ya kitabu cha zamani sana huko kwao. Kitabu kilieleza habari za nyota moja ambayo mfalme wake aliwanyang'anya watu uzito wa miili yao akaufungia ghalani, wakabaki kuelea. Bwana Kofia alikipenda kitabu hicho tangu utotoni, na aliapa kukifuata neno kwa neno. Kitabu kilisema watu wa nyota ile walikuwa na mabega mapana, basi akaja Kariakoo akachagua hamali sita, Bushiri akiwa mmoja wao. Kilisema wanaishi kwenye mabanda ya chuma, akakodi karakana tupu ya Gerezani, karibu na reli. Kilisema hawana uzito. Watengenezaji wengine wa sinema huwaning'iniza watu kwa nyaya, lakini yeye aliona huo ni udanganyifu mtupu. Siku ya tatu, mara baada ya chakula cha mchana, uzito uliwatoka wote sita.

Hamali asiye na uzito hana kazi. Bushiri alijaribu. Aliinama chini ya gunia la mchele katika ghala la Mtaa wa Kongo, akavuta pumzi, akanyanyuka. Gunia likabaki chini, yeye akapanda. Wenzake wa ghalani walicheka mpaka wakakaa juu ya magunia, halafu wakanyamaza, maana kila mmoja wao alikula kwa mabega yake. Walimshika miguu wakamrudisha nyumbani wakimvuta kama tiara ya watoto, na njiani watu waliwapisha na kuwasalimu.

Aliyemtia Sitara moyo ni Polycarp, karani na mkalimani wa Bwana Kofia. Alikuwa Mchaga wa Machame, mpole, na kitabu kile alikuwa amekisoma shule ya misheni.

"Usihofu, shemeji," alimwambia. "Sura ya mwisho msafiri mmoja analivunja ghala la mfalme. Uzito unawarudia, kila mtu na wake. Wanashuka taratibu mpaka nyayo zinagusa mchanga. Mimi nilipokuwa darasani nililia."

"Na kwenye sinema?"

"Bwana ameapa. Neno kwa neno."

Ili kumtuliza zaidi, Polycarp alianza kupita kila siku akitoka kazini, akaketi kwenye kigoda na kuisoma sura ile kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi yenye faida. Alipokuwa akisoma, Bushiri alishuka kidogo kidogo, na ukurasa wa mwisho ulipofika, alikuwa amebakisha shubiri moja tu juu ya godoro. Sitara alikuwa akiiweka mikono yake kifuani pa mumewe na kuhisi kilo mbili tatu zikirudi, akafurahi mno, akamwomba Polycarp asome polepole. Kitabu kilipofungwa, Bushiri alipanda tena. Polycarp alisema kusoma peke yake hakutoshi, kwa sababu uzito ulichukuliwa na sinema na utarudishwa na sinema.

Jumatano hakuja na kitabu. Alisimama mlangoni akiukunjakunja ukingo wa shati.

"Shemeji, Bwana amebadili mawazo. Ile sura ya mwisho ameitoa. Sasa wanapaa, basi. Wanapaa huku wanapunga mikono, na sinema inakwisha."

Sitara alivaa khanga yake ya kutokea, akaongozana naye mpaka Gerezani. Bwana Kofia aliwapokea vizuri, akaagiza wapewe viti. Alizungumza kwa muda mrefu, na Polycarp akatafsiri akiwa ameinamisha macho.

"Anasema kitabu mtu hukisoma peke yake, huvumilia. Sinema wanatazama mia tano kwa pamoja, na mtu anayeshuka hapendezi machoni. Anayepaa anapendeza. Anasema kuifuata roho ya kitabu ni uaminifu mkubwa kuliko kuyafuata maneno."

"Mwambie sitaki apendeze. Nataka ashuke."

Polycarp akatafsiri. Bwana Kofia macho yalimlowa, akatoa daftari akayaandika maneno yale. Alisema ni maneno mazuri mno, bahati mbaya hapakuwa na mahali pa kuyaweka.

"Mabega aliyafuata kama yalivyoandikwa," Sitara alisema, na sasa alikuwa amekasirika waziwazi. "Kuwaondolea watu uzito pia alifuata. Mbona kufika kwenye kuurudisha ndipo kitabu kimekuwa kigumu?"

Hilo Polycarp alilitafsiri kwa sauti ndogo. Bwana Kofia aliitikia kwa kichwa kwa heshima na kusema kwamba huo ndio ugumu wa kazi yake. Kisha akamwita fundi wa kamera.

Jumamosi saa nne asubuhi hamali sita walipelekwa kwenye uwanja nyuma ya karakana. Wengine watano walifunguliwa kamba. Sitara alikuwa ameizungusha kamba ya Bushiri mkononi mara tatu, na hakuiachia. Aliambiwa kwa adabu kwamba kamba inaonekana kwenye picha. Akajibu kuwa ameisikia habari hiyo. Bushiri, aliyekuwa juu yake kiasi cha kimo cha mtu, alimwita.

"Sitara."

"Naam."

"Shika sana. Mimi siendi."

"Nimeshika."

Kamera ikaanza kunguruma, na hapo kamba ikakaza kuliko siku zote. Visigino vya Sitara viliinuka, kisha vidole. Askari aliyekuwa analinda uwanja alikuja akaifungua mikono yake kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayempokea mtu ndoo ya maji, akamwambia, "Pole, mama."

Walipaa wote sita kwa mstari, juu ya mapaa ya madebe, juu ya minazi. Bushiri alikuwa anatabasamu na kupunga mkono. Sitara alikuwa ameishi naye miaka tisa. Hakuwa mtu wa kupunga mkono. Sitara alikaa chini kwenye mchanga, akautazama mkono ule ukienda huku na huku mpaka hamali wakawa wadogo kama punje za mchele.

Bwana Kofia alifuta macho. Kisha akauliza kama wanaweza kurudia, kwa sababu kunguru alikuwa amekatiza mbele ya kamera. Polycarp hakutafsiri.

Mwaka uliofuata sinema ilikuja mjini. Bango lililobandikwa mlangoni lilisema haifai kutazamwa na Waafrika, hivyo Sitara alisimuliwa na fundi cherehani wa Kihindi aliyekwenda na familia yake. Alisema mwishoni watu walisimama wakapiga makofi, na mkewe alilia. Sitara akauliza kama Bushiri alionekana. Fundi akasema alionekana vizuri kabisa, wa pili kutoka kushoto.

Baada ya Idi, Bwana Kofia alirudi na kitabu kingine, cha watu wanaoishi chini ya maji. Hamali walijipanga mbele ya karakana tangu alfajiri, foleni ikafika hadi relini. Polycarp aliandika majina. Alikuwa bado na wadogo zake wanne wa kusomesha. Sitara alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake.

"Hicho ulishakisoma?"

"Nimekisoma, shemeji."

"Mwishoni wanatoka majini?"

"Kwenye kitabu wanatoka. Wote wazima."

"Na kwenye sinema?"

"Bado hawajaamua," Polycarp alisema, akachovya kalamu kwenye wino.

Sitara aliwageukia wale wanaume, akawaambia kwa sauti kubwa aliyoyasikia. Wa mbele alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Kisha akamtajia karani jina lake, na foleni ikasogea.